Mji wa Majembe: Tarehe ya Mifereji ya Bangkok

Mto Chao Phraya unapopita mbele ya jumba la kifalme la Bangkok ni mpana kiasi kwamba mtu wa mtumbwi huvuka huku akitazama kulia na kushoto, asije akakumbwa na tishari za mchanga zinazovutwa juu na chini. Kipande hicho cha mto kilichimbwa na watu. Katika karne ya 16, enzi za mfalme Chairacha wa Ayutthaya, mto ulikuwa ukijipinda hapo kwa tao kubwa upande wa magharibi. Jahazi lililotoka baharini kwenda mji mkuu lililizunguka tao lote, kisha likatokea karibu na pale lilipoanzia. Mfalme akaamuru shingo ya tao ikatwe. Ulikuwa mfereji wa kilomita mbili hivi. Maji yakaipenda njia ya mkato, yakazila kingo zake mwaka baada ya mwaka hata mfereji ukawa mto, na mto wa zamani ukanywea ukawa mfereji. Ndio huo unaoitwa leo Khlong Bangkok Noi na Khlong Bangkok Yai, upande wa Thonburi.

Naanzia hapo kwa sababu vitabu vya watalii huisimulia mifereji ya Bangkok kana kwamba ilikuwa neema ya maumbile, iliyokuja kuharibiwa na saruji. Khlong, ndivyo Wathai wanavyoiita mifereji yao, ni kazi ya mikono, na mara nyingi mikono hiyo ilikuwa ya watu wasiokuwa na hiari. Kila zama zilichimba kwa haja yake. Zama zilizofuata zilikuta mfereji tayari zikaupa kazi nyingine, na kila kazi ilipobadilishwa, walioambiwa wapishe ni wale wale waliokuwa wakiishi ukingoni.

Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, Thailand ya leo, kwa zaidi ya miaka 400, ulikuwa kisiwa kilichozungukwa na mito mitatu, na mifereji iliyoukata ndani ilikuwa ndiyo mitaa yake. Waburma waliuteketeza mwaka 1767. Jemadari Taksin akaikusanya dola upya huko Thonburi, karibu zaidi na bahari, na mwaka 1771 akachimbisha handaki upande wa pili wa mto, mashariki, ili adui wa kesho akute maji mbele yake. Mwaka 1782 Taksin aliondolewa madarakani, na mfalme mpya, Rama wa Kwanza, akauhamishia mji mkuu mashariki, ndani ya handaki hilo. Mahali palipochaguliwa kwa jumba lake palikuwa na Wachina wafanyabiashara. Wakaambiwa waondoke, wakaenda kukaa Sampheng, kusini zaidi, ambako ndiko ulikoanzia mtaa wa Wachina wa leo.

Mwaka 1783 likazungushwa handaki la pili, nje ya la kwanza. Tarehe za kifalme zinataja Wakhmer 10,000 walioletwa kuchimba, na Walao 5,000 kutoka Vientiane waliojenga ukuta na minara yake. Hao hawakuwa vibarua wa kulipwa. Ni watu wa nchi zilizokuwa chini ya Siam, waliotakiwa kutoa nguvu zao kama wengine walivyotakiwa kutoa pembe au nta. Katika kazi hizo hizo Rama wa Kwanza aliagiza uchimbwe mfereji mwingine ambao haukuwa na kazi ya vita, Khlong Mahanak. Makusudi yake ni kwamba wakati wa maji mengi watu wa mji wapate pahali pa kupiga makasia na kuimbiana mashairi mashuani, kama walivyokuwa wakifanya Ayutthaya kabla haijaungua. Napenda kulikumbuka jambo hili kila ninapowasikia wapangaji wa miji wakidai kwamba burudani ya majini ni fikra ya karne yetu.

Kando ya Mahanak walipewa ardhi Wacham, Waislamu wenye asili ya Champa waliopitia Kambodia, kwa kuwa walikuwa wamepigana upande wa mfalme. Mtaa wao unaitwa Ban Khrua. Walikuwa wafumaji wa hariri, na waliisuuza hariri yao kwa maji ya mfereji. Tutarudi kwao baadaye, kwa sababu wao hawakukubali kupisha.

Mfereji mkubwa kuliko yote ya zama zile ulianza kuchimbwa mwaka 1837, enzi za Rama wa Tatu. Siam na Vietnam zilikuwa zikiing'ang'ania Kambodia, na majeshi yaliyokwenda mashariki yalichoka kabla ya kumwona adui. Mfereji ukanyooshwa kutoka Bangkok kukata mbuga za mashariki mpaka mto Bang Pakong, zaidi ya kilomita 70 ukiuhesabu pamoja na vipande vya zamani, Mahanak kikiwa kimojawapo. Safari hii mikono mingi ilikuwa ya Wachina wa kulipwa, maana watu wa shokoa walikuwa wamepungua na wengi wao walijua namna ya kutoroka. Kazi ilikwisha mwaka 1840. Unaitwa Saen Saep, na ndio utakaobeba sehemu kubwa ya habari hii.

Vita na Vietnam vilikwisha, mfereji ukabaki. Kando yake, sehemu za Min Buri na Nong Chok, waliwekwa Wamalayu waliotekwa Pattani katika vita vya kusini. Walipewa mbuga zenye matope na wakaambiwa walime. Walilima mpunga, wakajenga misikiti mbele ya maji, na wajukuu wao wako huko mpaka leo. Anayesafiri kwa mashua upande huo wa mashariki husikia adhana mara nyingi kuliko kengele za mahekalu ya Buddha.

Sir John Bowring, mjumbe wa Uingereza aliyefika mwaka 1855 kutia saini mkataba wa biashara, alieleza kwamba barabara kuu za Bangkok ni mto na mifereji. Hakutia chumvi. Sehemu kubwa ya watu walikaa katika nyumba zilizojengwa juu ya maboya ya mianzi, zikafungwa kwenye nguzo, zikipanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa, kwa kuwa nguvu ya bahari hufika mpaka mjini. Duka lilikuwa na kibaraza kinachotazama maji, na mteja alisogeza mtumbwi wake kama wa kwetu anavyoegemea kaunta. Aliyegombana na jirani alifungua kamba akaenda na nyumba yake, mke, watoto na kuku wakiwa ndani. Alfajiri mtawa wa Kibuddha alipita akipiga kafi polepole kupokea chakula cha sadaka gatini. Mwuza tambi alikaa mashuani na jiko lake la mkaa, na bakuli zake zilikuwa ndogo, kwa sababu bakuli kubwa la mchuzi wa moto humwagika linapotolewa kutoka chombo hadi chombo. Siku hizi tambi hizo huuzwa katika mahoteli ya nchi kavu, karibu na Mnara wa Ushindi na huko Rangsit, na bakuli bado ni ndogo. Mtu hula kumi akazipanga mnara mezani.

Maji ya khlong yalinywewa pia. Watu waliyateka, wakayatia mitungini, wakayakoroga kwa kipande cha shabu mpaka tope likatuama chini. Yakawa safi kwa macho. Kipindupindu hakionekani kwa macho, na mwaka 1849 kiliua watu wengi mno mjini. Maiti zilirundikana katika hekalu la Wat Saket, lililo kando ya mfereji nje kidogo ya ukuta, hata tai wakawa wakifika hapo kila siku. Maji ya bomba yalianza kutolewa mwaka 1914. Anayeyalilia maisha ya zamani ya mifereji angefaa ahesabu na hayo.

Rama wa Nne, Mongkut, alipanua mji kwa handaki la tatu, Khlong Phadung Krung Kasem, lililokamilika mwaka 1852. Lina urefu wa kilomita tano na nusu. Mkataba wa Bowring ulipoanza kufanya kazi, haja ikabadilika. Mpunga, uliokuwa chakula cha nyumbani, sasa ukawa na soko Hong Kong, Singapore na kwingineko. Mfereji ukaanza kuchimbwa kwa hesabu ya magunia.

Mtu wa kutajwa hapa ni Chuang Bunnag, waziri mwenye nguvu kuliko wote wa wakati wake, aliyekuja kuwa mtawala wa kushikilia wakati Rama wa Tano alipokuwa bado kijana. Ukoo wa Bunnag unajinasibisha na Sheikh Ahmad, mfanyabiashara kutoka Qom ya Uajemi aliyefika Ayutthaya mwanzoni mwa karne ya 17 na akapewa uongozi wa Waislamu wa nchi hiyo. Wengine wa kizazi chake walisilimu kwa Buddha, kama nikiruhusiwa kusema hivyo, na wengine wakabaki katika dini ya babu yao. Kule Bangkok Yai, mfereji ule uliokuwa mto, msikiti wa Ton Son una historia inayorudi hadi siku za Ayutthaya. Ng'ambo ya maji yale yale uko msikiti mweupe wa Bang Luang, uliojengwa kwa mtindo wa hekalu la Kithai, paa na nakshi na vyote. Chuang Bunnag ndiye aliyesimamia Khlong Damnoen Saduak, ulioanza mwaka 1866 na kukamilika mwaka 1868. Unaunganisha mto Tha Chin na mto Mae Klong kwa mstari ulionyooka wa kilomita 32. Wakulima wa Kichina walijaa kando yake wakachimba vijifereji vidogo mamia kwa mamia, wakapanda nazi, mboga na matunda. Soko la majini lililoko kwenye kila kadi ya posta ya Thailand lilizaliwa hapo, na lilikuwa soko la kweli la wakulima kwa miaka mia moja kabla mtalii wa kwanza hajalipiga picha.

Huku mji mkuu ulikuwa umekwisha kuanza kukipenda kitu kingine. Mwaka 1861 mabalozi na wafanyabiashara wa Kizungu walimwandikia mfalme kwamba wamezoea kupanda farasi na magari ya kukokotwa jioni ili kupunga hewa, na kwamba kwa kukosa barabara wanaugua. Mongkut akawajengea Charoen Krung, iliyofunguliwa mwaka 1864. Barabara ya kwanza ya kisasa ya Bangkok, basi, ilijengwa kwa ajili ya afya ya watu wachache waliochoshwa na mashua. Miaka michache kabla yake, kusini mashariki mwa mji, ulikuwa umechimbwa mfereji kwenda Phra Khanong na udongo wake ukamwagwa ukingoni ukawa njia. Bangkok ilizipata barabara zake nyingi kwa namna hiyo: udongo wa khlong ulikuwa tuta, na tuta likawa barabara. Kwa muda wa vizazi viwili hivi mfereji na barabara vilikwenda bega kwa bega, kila kimoja na abiria wake.

Kabla ya kufika kwenye mazishi ya mifereji, lazima nipitie Rangsit, maana hapo uchimbaji ulifikia kilele chake. Mwaka 1888 kampuni ya watu wa jamaa ya kifalme pamoja na wawekezaji wengine, akiwamo Joachim Grassi, msanifu majengo aliyetokea Ulaya, ilipewa kibali cha kuchimba mifereji katika mbuga tupu za kaskazini mashariki ya Bangkok na kuuza ardhi ya pande zote mbili. Uchimbaji ulianza mwaka 1890. Kulikuwa na mfereji mkuu na matawi yaliyonyooka kama mistari ya daftari, yakapewa namba tu badala ya majina. Hadi leo mtu wa huko akiulizwa anakaa wapi hujibu Mfereji wa Pili au Mfereji wa Sita. Mashine za kuchimbia zinazoendeshwa kwa mvuke zilisaidia majembe. Katika nusu karne baada ya Bowring, mchele uliosafirishwa nje ya Siam uliongezeka zaidi ya mara kumi. Mchele wa Thailand ambao masoko ya pwani yetu yameujua kwa miaka mingi una asili yake katika mapinduzi hayo ya tope.

Faida haikugawanywa sawa. Waliopata ardhi kubwa ni wakuu wa Bangkok. Waliolima ni wapangaji, na mfereji usiposafishwa ulijaa matope, shamba likakosa maji. Mwaka 1902 serikali ilimleta mhandisi wa Kiholanzi, J. Homan van der Heide, ili aanzishe idara ya mifereji. Mwaka uliofuata akapendekeza bwawa kubwa huko Chainat, litakalopandisha maji ya Chao Phraya na kumwagilia bonde zima. Fedha zilikwenda kwenye reli na jeshi. Mholanzi akarudi kwao mwaka 1909, na bwawa la Chainat likakamilika mwaka 1957, karibu na pale pale aliposema.

Reli ndiyo iliyoanza kuinyang'anya mifereji safari za mbali. Mjini, tramu za farasi zilianza mwaka 1888, na miaka michache baadaye zikaendeshwa kwa umeme, mapema kuliko katika miji mingi ya Ulaya. Mwaka 1932 lilifunguliwa Daraja la Ukumbusho, daraja la kwanza la magari kati ya Bangkok na Thonburi, na Thonburi, nchi ya bustani na mashua, ikaanza kupangwa kwa barabara. Mwaka 1942, katikati ya vita vya dunia, mafuriko yaliufunika mji wote, na picha za wakati ule zinaonyesha watu wakipiga kafi katika barabara ya kifalme ya Ratchadamnoen kwa utulivu wa kustaajabisha. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtumbwi na ilisimama juu ya nguzo. Mafuriko yalikuwa adha, hayakuwa maangamizi.

Kizazi kilichofuata kilivitupa vyote viwili, mtumbwi na nguzo. Mwaka 1947 Khlong Hua Lamphong ulifukiwa ili Barabara ya Rama wa Nne ipanuliwe. Silom, mtaa wa mabenki na maghorofa, ulikuwa na mfereji wake, na ukafukiwa katika miaka ya 1960. Sathon, barabara ya balozi na makampuni, ilibakiziwa mtaro mwembamba wa saruji katikati yake, ambao dereva aliyekwama kwenye foleni ana muda wa kutosha wa kuutazama. Mpango mkuu wa mji ulioandaliwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1960 uliutazama mji kwa jicho la gari. Siwalaumu sana Wamarekani. Walioajiri ndio waliotaka gari. Mfereji ulionekana ni nzi, harufu na fedheha ya ushamba, na kila uliofukiwa ulitoa ardhi ya bure kwa serikali isiyotaka kulipa fidia kwa wenye viwanja.

Injini nayo ilifanya lake. Mashua ya mkia mrefu hubeba injini ya gari juu ya egemeo, na mhimili mrefu wenye pangaboi mwishoni ambao nahodha huuinua akifika penye maji haba. Ni ubunifu wa werevu mkubwa, na ndio uliozifanya mashua za Thonburi ziendelee kushindana na basi. Lakini mawimbi yake yalikula kingo na kuyumbisha mitumbwi ya vikongwe waliouza mboga. Watu wakajenga kuta za saruji kujikinga, na masoko madogo ya majini yakafa moja baada ya jingine. Soko la Wat Sai, lililokuwa likiwavutia watalii miaka ya 1950 na 1960, lilikufa hivyo, na watalii wakapelekwa Damnoen Saduak, mwendo wa gari nje ya mji. Huko kuna wauza kofia sasa wengi kuliko wauza embe.

Wakati juu mifereji ilikuwa ikifukiwa, chini ardhi ilikuwa ikididimia. Viwanda na nyumba mpya zilivuta maji kwa visima virefu, na udongo laini wa bonde ukakaa. Mnamo miaka ya 1980 sehemu za mashariki zilishuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Mji uliokuwa mita moja au moja na nusu tu juu ya usawa wa bahari ulikuwa ukijizamisha wenyewe. Mafuriko ya mwaka 1983 yalikaa mitaani kwa miezi, na safari hii hakukuwa na nguzo wala mtumbwi.

Hapo ndipo yalipotokea mabadiliko makubwa kuliko ufukiaji, ingawa hayaonekani katika picha. Mji ulizungushiwa tuta upande wa mashariki, na midomo ya mifereji iliyobaki ikafungwa kwa malango ya chuma na pampu kubwa. Maji ya ndani yalishushwa chini makusudi ili mvua ikinyesha yapate pa kukaa. Kwa mhandisi ni jambo la akili, na limeuokoa mji mara nyingi. Kwa mwenye mashua maana yake ni kwamba njia imefungwa: hawezi kutoka mfereji mmoja kwenda mtoni ila lango likifunguliwa, na maji hayapwi wala kujaa tena, yamesimama. Maji yaliyosimama yanayopokea majitaka ya jikoni na vyooni hayachukui muda kuwa meusi. Khlong ikawa mtaro. Na tuta lile lilikuwa na ndani na nje. Nje yake waliachwa watu wa Nong Chok na Min Buri, wale wajukuu wa mateka wa Pattani, katika ukanda uliotengwa uwe njia ya mafuriko.

Bei ya mpango huo ilidaiwa mwaka 2011. Maji yaliteremka kutoka kaskazini yakazamisha viwanda vya Ayutthaya na uwanja wa ndege wa Don Mueang. Nchini kote walikufa zaidi ya watu 800, na Benki ya Dunia ilikadiria hasara ya dola bilioni 46. Serikali iliazimia kuinusuru Bangkok ya ndani, na kwa ajili hiyo malango yalifungwa na maji yakasukumwa yapite mashariki na magharibi. Kule Khlong Sam Wa, watu ambao nyumba zao zilikuwa zimezama kwa siku nyingi walikuja na majembe na vyuma wakaanza kulichimbua tuta la kando ya lango. Serikali ilikubali lifunguliwe mita moja. Upande wa pili wakalalamika kwamba maji yataingia eneo la viwanda la Bang Chan na kisha mjini. Mimi naona siasa yote ya Bangkok ilisimama pale siku zile, kwenye mlango wa chuma mmoja: nani azame ili nani akauke. Wenye majembe hawakuwa wahuni. Walikuwa wakidai hesabu.

Baada ya mafuriko ikatafutwa sababu, na wa karibu kunyooshewa kidole ni maskini waliojenga vibanda juu ya kingo za mifereji, nguzo zao zikiwa majini. Ni kweli kwamba walizuia maji. Ni kweli vilevile kwamba barabara na mitaa ya nyumba za kifahari ilizuia zaidi, katika mbuga ambazo ramani ziliziita njia ya mafuriko. Katika Khlong Lat Phrao na matawi yake mpango wa serikali uligusa kaya 7,000 hivi katika mitaa 50. Hapa sharti niseme jema lililofanyika. Taasisi ya serikali inayosimamia mpango wa Baan Mankong, ulioanza mwaka 2003, iliwapa wakazi waliokubali njia ya kubaki pale pale. Waliunda ushirika, wakakopa, wakakodishiwa ardhi ya hazina kwa miaka 30, wakavunja vibanda na kujenga nyumba nyembamba za safu nyuma ya ukuta mpya wa saruji. Waliokataa walikuwa na hoja yao pia: walisema walikuwa wamekaa hapo miaka mingi bila deni, na sasa wanaambiwa wawe na deni ili wakae hapo hapo.

Wengine hawakupewa hata nafasi ya kuchagua. Kando ya ngome ya Mahakan, pale handaki la mwaka 1783 linapokutana na Mahanak, kulikuwa na mtaa wa nyumba za mbao za zamani. Halmashauri ya jiji ilitaka bustani. Wakazi walipinga kwa miaka 25, wakashirikiana na wasanifu na wanazuoni, na mwaka 2018 nyumba za mwisho zikavunjwa. Bustani ipo. Nimesoma sifa zake na sijamsikia mtu akiitaja kwa mapenzi.

Ban Khrua ilikuwa na bahati nyingine, au tuseme ukaidi mwingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ilipangwa njia ya kushukia barabara ya juu ipite katikati ya mtaa wa Wacham, misikiti na makaburi yakiwa ndani ya ramani. Walikataa. Walilinda mtaa usiku, wakaenda kwenye mikutano ya hadhara na hesabu zao wenyewe za magari, wakakumbusha kwamba ardhi ile walipewa na mfalme kwa damu ya babu zao. Njia hiyo haikujengwa. Hariri yao ilikwisha kuwa na jina duniani tangu Jim Thompson, Mmarekani aliyejenga nyumba yake ng'ambo ya mfereji mwaka 1959, alipoanza kuinunua kwao na kuiuza New York. Siku hizi vitanda vya mfumi vilivyobaki mtaani ni vya kuhesabu.

Mbele ya Ban Khrua hupita boti. Mwaka 1990, foleni za Bangkok zilipokuwa zimefikia hatua ya kuwa hadithi duniani, kampuni binafsi ya kifamilia ilianzisha usafiri wa abiria katika Saen Saep. Njia yake leo ni kilomita 18 hivi, kutoka daraja la Phan Fa karibu na ukuta wa kale mpaka hekalu la Wat Sriboonruang mashariki, na abiria hubadilisha boti Pratunam. Boti hazina anasa. Huligusa gati kwa sekunde chache, na abiria huruka kwa kushika kamba. Wakusanya nauli, kofia ngumu kichwani, hutembea nje ya ukuta wa boti kwa kukanyaga ubao mwembamba. Wanaokaa pembeni huvuta kamba kuinua turubai la plastiki ili maji meusi yasiwarukie usoni, na karibu na madaraja mafupi paa lote hushushwa na kila mtu huinamisha kichwa. Machi 2016 boti moja ililipuka ikajeruhi makumi ya watu. Hata hivyo watu walirudi gatini, kwa kuwa basi lingewachukua muda mrefu zaidi. Kabla ya janga la korona zilibeba makumi ya maelfu ya abiria kila siku ya kazi: makarani, wanafunzi, wauguzi, mafundi.

Sasa mfereji umekuwa fahari tena. Khlong Ong Ang, uliokuwa umefunikwa na vibanda vya soko la Saphan Lek, ulifunuliwa mwaka 2015, na mwaka 2020 ukafunguliwa ukiwa na njia za miguu, michoro ukutani na mitumbwi ya kukodi. Mwaka huo huo boti za umeme zilianza kupita Phadung Krung Kasem. Kule Chong Nonsi, katikati ya maghorofa, ilijengwa bustani juu ya mfereji kwa mfano wa Seoul, na wakazi wakauliza kwa nini fedha hizo hazikuanza na kusafisha maji yenyewe. Swali lao lilikuwa na haki. Maji ya Saen Saep yangali yananuka, na mtambo wa kusafisha majitaka hauna ukingo wa kupigia picha.

Kati ya yote yaliyofanyiwa khlong tangu mpango wa mwaka 1960, boti zile za Saen Saep ndizo zilizowafaa watu wengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi, na zinapita katika mfereji uliochimbwa kwa ajili ya vita ambavyo Siam haikuvishinda. Hakuna hata moja ya huduma za majini zilizoanzishwa na jiji baada yake iliyoufikia wingi wa abiria wake.